KUNUNUA GARI LA HAIBRIDI LILILOLALA MUDA MREFU

Siku hizi wafanyakazi wengi wa viwandani na mashambani wanatafuta gari la kununua. Mmoja amestaafu na amepokea malipo yake ya mwisho. Mwingine amekopa katika chama cha akiba na mikopo. Wengine wameungana watu watano au sita ili gari lifanye kazi ya teksi na kuwaletea kipato kidogo nje ya mshahara. Fedha hizo hazikuokotwa. Ni jasho la miaka kumi, ishirini au zaidi, lililowekwa akiba kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, nazo zikipotea hazirudi.

Miongoni mwa magari yanayotolewa kwa bei ya kuvutia yamo magari ya haibridi, hasa Toyota Prius na Toyota Aqua, ambayo yamekaa muda mrefu bila kutembea. Muuzaji husema: "Gari ni zima kabisa, limelala tu." Sisi tunasema kwamba maneno hayo "limelala tu" ndiyo yanayopaswa kumzindua mnunuzi. Gari la kawaida likilala mwaka mmoja, mara nyingi huamshwa kwa betri mpya, petroli mpya na upepo katika matairi. Gari la haibridi likilala mwaka huo huo linaweza kufa katika kimojawapo cha viungo vyake vya bei kubwa, huku injini yake ikiwa nzima na rangi yake inang'aa.

Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi ya kulipima gari la namna hiyo kabla ya kutoa fedha.

HAIBRIDI NI GARI LA NAMNA GANI

Haibridi ni gari lenye mashine mbili za kulisukuma: injini ya petroli kama tuliyoizoea, na mota ya umeme. Toyota Prius iliuzwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwezi Desemba 1997. Umbo lake la pili lilitoka mwaka 2003, la tatu mwaka 2009, na Toyota Aqua, iliyo ndogo zaidi, ilitoka mwezi Desemba 2011. Maelezo yetu yanahusu hasa magari hayo.

Magari haya hayachomekwi ukutani. Umeme wake hujitengenezea yenyewe. Dereva anapokanyaga breki au kuteremka mlima, magurudumu huizungusha mota, nayo mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme katika betri. Umeme huo hutumika tena gari linapoondoka. Ndiyo sababu haibridi huokoa petroli zaidi mjini, penye kusimama na kuondoka, kuliko katika barabara ndefu ya mwendo mmoja.

Yafaa ieleweke kwamba gari hili lina betri mbili. Ya kwanza ni betri ndogo ya volti 12. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, taa, vitasa vya milango na swichi. Ya pili ni betri kuu, iliyofichwa nyuma ya kiti cha abiria katika Prius, au chini ya kiti hicho katika Aqua. Betri kuu ya Prius ya umbo la pili na la tatu ina vijisanduku 28, kila kimoja cha volti 7.2, vilivyounganishwa kwa mfululizo hata vikatoa volti 201.6. Ndani ya kila kijisanduku mna seli sita, kwa hiyo jumla ni seli 168. Betri kuu ya Aqua ina vijisanduku 20, nayo ni ya volti 144. Betri hizi hutengenezwa kwa madini ya nikeli; si za risasi na asidi kama betri za magari ya kawaida.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Prius na Aqua hazina stata ya kawaida. Injini yake huwashwa na mota inayokula umeme wa betri kuu. Betri kuu ikiishiwa, injini haiwezi kuwaka. Na injini isipowaka, hakuna kitu cha kuichaji betri kuu. Kulisukuma gari hakusaidii. Kuazima umeme katika betri ya gari jingine kutaamsha taa na kompyuta, lakini hakutaijaza betri kuu hata kidogo. Hapo hapana budi aitwe fundi mwenye chaja maalumu ya betri za namna hiyo, au betri nyingine itafutwe.

KWA NINI KULALA KUNALIDHURU

Betri yo yote, hata ikiwa imekatwa kabisa na waya zake, hupoteza umeme polepole. Betri za nikeli hupoteza haraka, na joto huzidisha upotevu huo. Gari lililoachwa juani, vioo vimefungwa, huigeuza nyumba ya betri kuwa kama tanuri mchana kutwa. Kwa sababu hiyo kitabu cha maelekezo cha Toyota humwagiza mwenye gari aliendeshe angalau mara moja kila miezi michache, kwa dakika 30 au kilometa 16.

Lakini kuishiwa umeme peke yake si balaa kubwa. Balaa kubwa ni kwamba seli haziishiwi sawasawa. Tufikirie vibarua 28 waliojipanga mstari mmoja kupokezana mizigo ya miwa kutoka shambani hadi kwenye trela. Kila mzigo lazima upite mikononi mwa wote. Watu 27 wakiwa na nguvu na mmoja ameishiwa, mstari mzima utakwama kwake, na wenzake wakizidi kumrushia mizigo watamvunja mgongo.

Betri kuu nayo ni hivyo hivyo. Umeme ule ule hupita katika kila seli. Seli iliyochoka huishiwa mapema, na zile zenye nguvu zinapoendelea kusukuma, huilazimisha kuvuka kikomo chake na kuiharibu moja kwa moja. Kompyuta ya gari hupima jambo hilo kila wakati. Ikiona tofauti imekuwa kubwa mno, huwasha taa ya onyo, hupunguza nguvu ya gari, au hukataa kabisa kuliwasha. Kwa hiyo betri yenye vijisanduku 28 inaweza kukataliwa kwa ajili ya kimoja tu.

GARI LIMELALA KWA MUDA GANI HASA

Muuzaji akisema miezi miwili, hakuna haja ya kubishana naye. Tafuta karatasi.

Tuchukue mfano wa magari yanayoingia Uganda kutoka Japani. Gari hungoja katika uwanja wa mnada, hungoja meli, hukaa baharini wiki kadhaa, kisha hushushwa Mombasa au Dar es Salaam na kungoja tena bandarini. Kutoka hapo hupitia Malaba, Busia au Mutukula mpaka kwenye bondi za Kampala, ambako hungoja mnunuzi na malipo ya kodi. Likiletwa juu ya lori, katika safari yote hiyo litakuwa limewashwa dakika chache tu za kupandishwa na kushushwa. Likiendeshwa lenyewe kutoka bandarini, angalau betri ilipata kazi njiani. Uliza limeletwa kwa njia gani.

Karatasi tatu zitakupa tarehe: cheti cha Japani cha kulifuta gari katika daftari la usajili ili lisafirishwe nje, hati ya meli, na karatasi za forodha. Hesabu miezi tangu tarehe ya cheti cha kwanza hadi leo. Linganisha pia mwaka wa kutengenezwa. Sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Basi ukiambiwa kwamba gari limefika juzi, na huku umri wake umepita hapo, maelezo hayo yatilie shaka.

Ikiwa gari lilikuwa likitumika hapa hapa kisha likawekwa, uliza sababu. Watu hawaweki gari zima chini ya mwembe kwa hiari. Mara nyingi kwanza taa ya onyo iliwaka, fundi akataja bei ya betri kuu, mwenye gari akashindwa, akalifunika turubai. Katika hali hiyo ugonjwa ulitangulia, na kulala kukafuata.

WAYA ZA RANGI YA MACHUNGWA

Kabla ya kueleza ukaguzi, hapana budi tuzungumze juu ya usalama, maana gari hupatikana jingine lakini maisha hayapatikani mengine.

Waya nene za rangi ya machungwa katika gari hili zimebeba umeme unaoua. Betri kuu ya Prius ni ya volti 200 na zaidi, na kifaa cha kubadilisha umeme kilicho mbele huupandisha hadi volti 500 katika umbo la pili na hadi 650 katika umbo la tatu. Mafundi umeme wa viwandani wanaijua kanuni: kata umeme, funga swichi kwa kufuli, tundika kibao, pima, ndipo ushike. Kanuni hiyo ina kazi yake hapa pia. Fundi anayestahili kuifungua betri kuu huzima gari na kuuweka ufunguo mbali, huondoa waya hasi wa betri ndogo, huvaa glavu za mpira za kuzuia umeme zilizopimwa, huchomoa plagi ya usalama ya betri kuu, hungoja dakika 10 ili umeme uliobaki katika vifaa upungue, kisha hupima kwa mita. Hata baada ya hayo, vijisanduku vyenyewe bado vina umeme ndani.

Hatuandiki hivi ili msomaji akajaribu. Tunaandika ili ajue fundi anatakiwa afanye nini. Mkimwona mtu anaifungua betri hiyo kwa mikono mitupu, amevaa saa na pete, mwambieni aache mara moja, hata kama ni rafiki.

Hatari ya pili ni ukimya. Neno READY likiwaka katika dashibodi, gari liko tayari kuondoka hata kama injini haisikiki. Injini inaweza pia kuanza yenyewe wakati mtu ameinama chini ya boneti. Kwa hiyo wakati wa ukaguzi weka mawe kwenye magurudumu, na usitie mkono ndani ya injini mpaka gari limezimwa na ufunguo uko mbali.

JINSI YA KULIKAGUA

Kwanza: Fika asubuhi, gari likiwa baridi. Gusa boneti. Ikiwa ina joto, muuzaji amekwisha kuliamsha kabla hujafika, pengine kwa kuhangaika sana. Sema utarudi kesho yake, na kwamba lisiguswe.

Pili: Kabla ya kuwasha, tazama. Pima oili ya injini. Angalia maji ya kupoza mahali pote pawili, kwa maana katika Prius hizi injini ina maji yake na kifaa cha umeme kina maji yake. Fungua nyumba ya chujio la hewa utazame kama mna kiota cha panya. Panya hupenda gari lililolala, hasa karibu na ghala la mahindi, nao hutafuna waya bila kuchagua. Tazama pia tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma. Hapo ndipo feni huvuta hewa ya kuipoza betri kuu. Likiwa limezibwa na vumbi, nywele au matakataka, betri hiyo imepikwa kwa joto.

Tatu: Pima betri ndogo. Ikipumzika ikiwa imejaa, mita itaonyesha karibu na volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, imeisha. Jambo hilo ni la kawaida katika gari lililolala, wala si kosa kubwa. Lakini wakati wa kuazima umeme angalia sana pande za betri: waya wa chanya ukigeuzwa kuwa hasi unaweza kuunguza vifaa vya umeme vya bei kubwa kwa nukta moja. Betri ndogo ikiwa imekufa, mlango wa nyuma hautafunguka kwa swichi yake. Usiulazimishe kwa mtaimbo. Mlango wa dereva hufunguliwa kwa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya ufunguo wa umeme.

Nne: Bonyeza swichi ya POWER mara mbili bila kukanyaga breki. Taa za onyo zitawaka. Hakikisha kwamba taa ya injini na ile pembetatu yenye alama ya mshangao zimo miongoni mwake. Taa isiyowaka kabisa wakati huu huenda imezibwa au imeondolewa makusudi ili ugonjwa usionekane.

Tano: Zima, kisha kanyaga breki na ubonyeze POWER mara moja. Neno READY lazima liwake. Injini ikiwa baridi, kwa kawaida nayo huanza baada ya sekunde chache. Isikilize. Ikitikisika sana na kugonga kila asubuhi inapowaka, hasa katika Prius ya umbo la tatu, huenda maji yanaingia katika silinda kwa sababu gasketi ya kichwa imeharibika. Hiyo ni gharama nyingine kubwa.

Gari likikataa kutoa READY, muuzaji atasema: "Ni betri ndogo tu." Mjibu kwa upole kwamba basi alete betri ndogo nzima aifunge mbele yako. Kazi hiyo si ya saa nyingi, na bei yake haifiki popote karibu na ile ya betri kuu. Ikiwa maneno yake ni kweli, yeye ndiye atakayefaidika, kwa maana gari linalowaka huuzwa kwa bei nzuri. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Sita: Leta fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Alama P0A80 maana yake kompyuta imeihukumu betri kuu kuwa inahitaji kubadilishwa. Lakini kutokuwapo kwa alama hakutoshi. Alama zinaweza kufutwa dakika tano kabla hujafika. Mwambie fundi atazame pia kama kompyuta imekwisha kumaliza majaribio yake ya ndani. Mengi yakiwa hayajamalizika, kuna mtu amefuta kumbukumbu karibuni. Kisha asome volti za betri kuu fungu kwa fungu. Prius hizi huonyesha mafungu 14, kila moja likiwa na vijisanduku viwili. Mafungu yanatakiwa yapande na kushuka pamoja. Gari likivuta kwa nguvu na fungu moja likaanguka chini ya wenzake kwa volti moja au zaidi, kibarua aliyechoka amepatikana.

Saba: Endesha gari kwa saa nzima, pamoja na mlima wa kutosha. Tazama picha ya betri katika dashibodi. Katika gari zima kiwango hupanda na kushuka taratibu. Kikishuka kutoka juu hadi chini kwa dakika chache, kisha kikaruka tena juu, betri haina tumbo la kuweka umeme. Dalili nyingine ni feni ya nyuma kunguruma bila kukoma, na injini kukataa kuzimika hata gari linaposimama likiwa na joto la kutosha.

Nane: Liache usiku mzima, uliwashe tena asubuhi. Seli mbovu inaweza kuonekana nzuri baada ya safari, kisha ikamwaga umeme wake usiku. Mnunuzi mwenye subira ya siku moja huokoa akiba ya miaka.

VIUNGO VINGINE VILIVYOLALA

Breki. Haibridi hutumia mota yake kupunguza mwendo, kwa hiyo breki zake za chuma hufanya kazi kidogo hata siku za kawaida. Likilala nje wakati wa mvua, kutu hushika upesi na breki huweza kuganda. Sikiliza pia pampu ya breki. Kulia kidogo mlango wa dereva unapofunguliwa ni desturi yake. Ikilia kila baada ya sekunde chache ingawa hakuna aliyekanyaga, mfumo hautunzi shinikizo, na kuutengeneza ni ghali.

Matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe. Kwa mfano 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini lenye miaka mingi na nyufa si tairi la kubebea abiria.

Petroli. Ikikaa miezi mingi huchacha, hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha gundi katika mabomba. Ikinuka kama rangi ya ukutani, imwagwe yote kabla injini haijawashwa.

Maji ya mafuriko. Inua zulia, papasa chini yake, tazama misumari ya viti. Tope kavu au kutu mahali hapo ni dalili kwamba gari lilizama. Gari la kawaida lililozama ni hasara. Haibridi iliyozama ni hasara na hatari pia, kwa sababu waya zake kuu hupita chini.

Tuongeze onyo kwa wenzetu wa mashambani. Magari haya yako chini. Prius na Aqua huachana na ardhi kwa sentimita 14 hivi. Barabara ya shamba yenye mifereji ya matrekta si barabara yake. Kama njia ya kutoka kambini ni ya namna hiyo, fikiri mara mbili hata kama betri ni nzima.

HESABU YA BEI

Kanuni yetu ni fupi: gari la haibridi lililolala, ambalo halijathibitishwa kwa safari, lihesabiwe kuwa halina betri kuu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gari la namna hiyo likiwa zima huuzwa shilingi milioni 20. Fundi anataja milioni 4 kwa betri kuu pamoja na kazi, na shilingi 800,000 kwa matairi, breki na betri ndogo. Jumla ya matengenezo ni milioni 4.8. Lililolala likiuzwa milioni 18, litakugharimu milioni 22.8 mpaka litembee. Umenunua "rahisi" kwa bei inayozidi ile ya gari zima. Bei ya haki ya gari hilo haiwezi kuzidi milioni 15.2, na hata hapo yapasa ipunguzwe zaidi kwa usumbufu na kwa yale yasiyoonekana. Weka bei za mahali pako katika hesabu hiyo kabla hujaanza mapatano.

Uliza pia ni betri ya namna gani fundi anayokusudia kufunga. Kubadilisha kijisanduku kimoja kibovu huwasha gari, lakini wenzake 27 ni wazee wa umri mmoja, na kingine kitafuata baada ya muda mfupi. Betri iliyotolewa katika gari lililobomolewa ni rahisi, lakini nayo huenda imelala rafuni miezi mingi, ikawa na ugonjwa ule ule unaoukimbia. Zipo betri za nikeli zilizoamshwa vizuri na fundi mwenye chaja ya polepole na subira ya siku kadhaa. Hata hivyo kazi hiyo isilipwe yote kabla gari halijatembea.

MKATABA, NA NGUVU YA WENGI

Mfanyakazi anayekwenda peke yake kununua gari hukutana na muuzaji anayefanya kazi hiyo kila siku. Hapo mizani haiko sawa. Kwa hiyo tunashauri mambo manne.

La kwanza, msiende peke yenu. Nendeni watu watatu, mmoja wao fundi asiyejuana na muuzaji, aliyelipwa na ninyi.

La pili, andikeni mkataba. Utaje nambari ya chesisi, mwaka wa gari, tarehe, na hali ya taa za onyo siku ya makabidhiano. Sehemu ya fedha ilipwe siku hiyo, na iliyobaki baada ya siku zilizokubaliwa, tuseme 14, ikiwa taa ya betri kuu haijawaka. Mkataba useme wazi ni nani atakayelipa ikiwaka. Muuzaji mwenye gari zima hana sababu ya kuogopa sharti hilo.

La tatu, chama cha akiba kabla ya kutoa mkopo wa gari kidai karatasi ya ukaguzi. Gari likisimama, riba haisimami. Mwanachama aliyekopa kwa gari bovu atakatwa mshahara miezi mingi akienda kazini kwa miguu, na chama chenyewe kitashika dhamana isiyo na thamani.

La nne, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinaweza kununuliwa na tawi zima kwa mchango mdogo wa kila mtu. Kikae ofisini, kitumiwe na fundi aliyefundishwa, na kila mwanachama anayetaka kununua apewe huduma hiyo. Hivyo alichojifunza mmoja kitawafaa wengine.

Na yule aliyekwisha kununua asikubali gari lake lilale. Msimu wa kazi ukiwa mwingi, amkabidhi mwenzake anayeaminika aliendeshe nusu saa mara kwa mara, alisafishe tundu la feni kila vumbi linapozidi, aliegeshe kivulini. Likiharibika njiani, lisikokotwe huku magurudumu ya mbele yakizunguka barabarani, kwa maana magurudumu hayo huzungusha mota na kuzalisha umeme, na vifaa vinaweza kuungua. Lipandishwe juu ya lori.

Ndugu wanachama, gari ni chombo cha kazi kama shoka au cherehani. Mnunuzi wa cherehani huizungusha kwanza akashona kipande cha nguo mbele ya muuzaji. Haibridi nayo tuizungushe: iwake ikiwa baridi, itembee saa nzima, ipande mlima, ilale usiku mmoja na iamke asubuhi. Baada ya hayo ndipo tuhesabu fedha mezani.